Taa Nne za Kupaza

Mjomba aliitwa Kupaza, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo:
kupaza.
Redio, vipaza vya msikiti, gita la huyu na gita la yule,
chumba kimoja, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
harufu ya lehemu na kahawa iliyosahaulika jikoni.

Amplifaya yake kaniachia mimi.
Kilo ishirini na saba. Niliipima kwenye mizani ya muuza mchele,
akaniuliza kama ndani mna maiti.
Ndani mna taa nne za kioo,
ya tatu imeanza weusi kifuani,
na waya mmoja umefungwa kwa kipande cha kanzu yake.

Ukiiwasha haijibu.
Ina adabu za kizamani: kwanza hodi, kisha subira,
wekundu unapanda polepole kama haya,
na katika dakika hizo mbili
ndipo mpiga besi alipoeleza kwa nini mkewe kaenda kwao Muheza,
ndipo tulipogawana mihogo,
ndipo tuliposhusha wimbo mzima kwa ajili ya mafua ya mwimbaji.

Shebughe akaja na kiboksi.
Kinaingia kikapuni, juu ya khanga, na nafasi ya ndara inabaki.
"Shangazi, humu mna amplifaya mia mbili."
Mia mbili! Nikamuuliza zinalala wapi.
Nikabonyeza. Ya kwanza ikanguruma, ya pili ikametameta,
ya tatu ikatoa mwangwi, eti wa pango.
Mimi nimeingia Amboni. Pango halisemi hivyo.
Pango humeza kwanza, halafu hufikiri.

Akasema basi tumnakili mjomba.
Akaweka maikrofoni mbele ya spika,
kiboksi kikapiga mluzi, kikakoroma, kikapiga chafya,
na amplifaya ikajibu yote
kama mgonjwa mbele ya daktari mgeni.
Dakika saba.
"Tayari, Shangazi. Sasa hafi."

Tukashusha pazia. Mpiga besi akaelekea ukutani.
Nyuzi zile zile, mkono ule ule: hii, kile, hii, hii, kile.
Alikosea mara sita kati ya kumi.
Mimi nilikosea nne,
na sikio hili limelelewa na mzee mwenyewe.
Sitasema uongo ili nipendeze: sikujua.
Paka peke yake hakukosea hata mara moja.
Alikipita kiboksi bila salamu
akajikunja juu ya ile yenye moto.

Ila kuna jambo nililigundua baadaye.
Usiku ule umeme ulikuwa umechoka,
kama kila usiku Ngamiani nzima inapopika na kupiga pasi.
Taa zilikuwa zimefifia kidogo,
sauti imelainika pembeni
kama ya mtu anayezungumza akiwa amelalia ubavu.
Hiyo ndiyo iliyonakiliwa.
Nikikiwasha asubuhi, Pangani, harusini,
jenereta mpya, jua la saa nne,
ndani yake bado ni saa mbili na robo usiku
na watu wanapiga pasi.

Nakipenda. Mgongo wangu unakipenda zaidi.
Pangani nilikwenda nacho kwa bodaboda, kikapu mapajani,
na bwana harusi hakuuliza taa ziko wapi.
Alicheza mpaka kiatu kikatoka.

Ile ya nyumbani inazidi kuharibika kwa namna yake.
Masika inakohoa. Taa ya tatu ikifa
nitaagiza nyingine, na haitakuwa ile,
na hakuna wa kuniambia nikaze skrubu gani.

Jana niliiwasha tu, bila gita.
Mpiga besi alikuwa anapita njia,
akasikia ule mngurumo mdogo mlangoni,
akaingia, akapindua ndoo, akakaa.
"Amerudi," akasema.
Wekundu ulikuwa bado unapanda.